Mkia wa Herufi Moja

Jumamosi ile lango la ngome lilikuwa limejaa watu mpaka mkata tiketi akawa anazungumza kwa vidole. Kulikuwa na wanafunzi wa sare, wazee wenye miavuli, na wapenzi waliokuja kupigana picha mbele ya mizinga iliyoshika kutu. Katikati yao alisimama mwongozaji mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kichwani kofia ya kibaharia ambayo hakupewa na jeshi lolote. Kazini walimwita Kapteni. Meli hakuwahi kupanda, na siku aliyopanda boti alitapika.

"Ishirini na moja, ishirini na mbili," alihesabu, "ishirini na tatu. Hapana! Nina tiketi ishirini na mbili. Nani kaniongezea mtu?"

Macho yake yakatua kwa dada mmoja mwisho wa mstari. Alivaa shati la kiume lililokunjwa mikono, kitambaa cha manjano kichwani, na viatu vilivyojaa vumbi jeupe. Begani alikuwa na mfuko uliomwinamisha upande mmoja.

"Dada, tiketi yako?"

"Sina."

"Basi angalau niambie umebeba nini. Mawe?"

"Mawe yananisubiri huko ndani. Hivi ni vya kuyapigia."

Watu wakacheka, na Kapteni akacheka nao ingawa hakuelewa. Akamruhusu apite kwa hisani yake mwenyewe. Yule dada angeweza kusema pale pale kwamba anatafuta ofisi ya mkuu wa makumbusho, lakini hakusema. Sauti ya kaka yule ilikuwa tamu, na mfuko ule mzito aliubeba saa nzima, ngazi baada ya ngazi, ili tu aendelee kuisikia.

Kapteni aliwasimamisha kwenye mzinga mkubwa unaotazama bahari.

"Alfajiri moja wakati wa vita," alianza, akishusha sauti, "meli tatu za adui zilitokeza pale. Bandari nzima imelala. Ngome hii ilikuwa na mzinga mmoja tu mzima, huu hapa. Wenzake wote wameanguka, mpigaji akabaki peke yake. Akalenga. Akapiga. Meli ya mbele ikawaka moto, mbili zikageuza. Akarudi nyumbani kiziwi wa sikio moja mpaka kufa kwake." Akangoja kidogo. "Mpiga mzinga huyo, ndugu zangu, alikuwa babu yangu, baba yake mama."

Wanafunzi wakapiga makofi. Yule dada alijikuta anafuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

Watu walipotawanyika, Kapteni alimsogelea. "Umeipendaje?"

"Nimeipenda sana. Sasa nipeleke kwa mkuu wako. Mimi ndiye fundi wa kuchonga ukuta."

Kapteni akatamani ardhi ipasuke immeze. Fundi mzima kamgeuza mtalii asiye na tiketi! Akauchukua ule mfuko, na uzito wake ukamfanya ayumbe.

"Pole," alisema Fundi. "Ningekuambia mapema, ila nilitaka kujua mwisho."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwa miaka yote makumbusho yalikuwa na majina ya maofisa tu. Sasa mkuu, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alipata idhini ya kuweka bamba la jiwe lenye majina thelathini na moja ya wafanyakazi wa kawaida waliokuwa ngomeni alfajiri ile: wabeba risasi, wasafisha silaha, mpiga mzinga, mpishi. Kila jina na kazi yake chini yake. Fundi alitundika turubai uani, akaketi mbele ya jiwe na patasi zake, na kuanzia siku ya pili simu yake haikukaa kimya, Kapteni anapiga.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula vumbi."

"Nikuletee maji?"

"Umeleta saa tatu, umeleta saa tano, umeleta saa saba. Unataka nizame?"

"Nataka sababu ya kuja."

"Njoo bila sababu basi. Uache kunijazia ndoo."

Akaja bila sababu. Akakaa juu ya kreti, akamtazama anavyopuliza vumbi kwenye herufi na kuzipitishia kidole. Alimuuliza akikosea anafanyaje.

"Sikosei," alisema Fundi. "Jiwe halina kifutio. Ndiyo maana nasoma mara tatu kabla ya kupiga mara moja."

"Na watu je, unawasoma mara ngapi?"

"Wewe nimekusoma mara moja tu, langoni." Akainamisha uso kwenye jiwe ili asionekane anavyotabasamu.

Wiki ya pili walikuwa wakiagana kwenye simu kwa robo saa, kila mmoja akimwambia mwenzake akate kwanza. Kapteni alimwita mpenzi, naye Fundi alimwita Kapteni wangu wa nchi kavu. Fundi alikuwa ameishi miaka mingi na mawe, na mawe hayasifii mtu. Aliposifiwa, aliyeyuka.

Sasa nifike kwenye daftari. Majina yalitoka kwenye rejista ya karani wa ngome, kitabu kilicholowa unyevu mpaka mistari mingine ikaliwa. Kilifungiwa ofisini, na aliyezoea kukisoma ni Kapteni. Fundi akamwomba amnakilie orodha safi, kwa herufi kubwa, aibandike juu ya jiwe.

Mstari wa saba ulikuwa na jina la babu yake. Mbele yake kazi ilianza "mpi", kisha doa la unyevu. Mstari wa nane ulikuwa na jina la mtu mwingine. Mbele yake pia "mpi", kisha doa. Mmoja alikuwa mpiga mzinga, mwingine mpishi.

Kapteni alijua yupi ni yupi. Sitamfunika. Alikuwa na miaka kumi na miwili mjomba wake alipomwambia, akicheka, kwamba babu yake alikuwa mpishi, na kwamba milio ilipoanza aliingia chini ya meza ya jikoni. Mtoto yule aliona haya mpaka masikio yakamuuma. Shuleni wiki hiyo hiyo mwalimu aliuliza nani ana ndugu aliyekuwa ngomeni, naye akanyoosha mkono. Tangu siku hiyo uongo ule ulikua naye, ukanenepa, ukavaa kofia ya kibaharia.

Kalamu ilisimama hewani kidogo. Kisha akaandika: saba, MPIGA MZINGA. Nane, MPISHI.

"Una uhakika na mistari hii miwili?" Fundi aliuliza. "Umesema kuna doa."

"Nina uhakika kama ninavyokupenda."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kutamka neno hilo. Fundi hakuuliza tena. Akasoma mara tatu, akapiga.

Jumanne kabla ya uzinduzi, saa nne asubuhi, alikuja bibi mmoja mfupi mwenye gauni la bluu na pochi nyeusi aliyoikumbatia kifuani. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, macho yamefifia, lakini vidole vyake bado vilikuwa na akili.

"Nimesikia mmemwandika baba yangu," alisema. "Alifia hapa. Nilikuwa na miezi mitatu. Naomba nimguse."

Fundi akamshika mkono, akampeleka mstari wa nane. Bibi akapapasa herufi moja moja, midomo inacheza. Jina likampa tabasamu. Kidole kikashuka chini yake. M. P. I. S. Tabasamu likasita. H. I.

"Mpishi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Baba yangu mimi? Mama yangu alisema hakujua hata kuchemsha maji." Akacheka kidogo, peke yake. "Tuliambiwa amekutwa amelalia mzinga. Mama alikuwa akisema hivyo kila mwaka siku kama ile. Sasa labda walimwonea huruma mjane, wakampa neno zuri."

Fundi akageuka kumtafuta Kapteni. Alikuwa hapo hapo, hatua tatu, kofia kichwani, chupa ya maji mkononi. Neno moja tu lilihitajika. Angeweza kulisema.

"Rejista ndiyo inayosema, Bibi," alijibu Kapteni, akitazama chupa.

"Haya mwanangu. Sikuja kugombana na jiwe." Bibi akafunga pochi yake ambayo haikuwa wazi. "Afadhali nimejua. Nimejisifu bure miaka yote hii kwa majirani."

Akaondoka polepole, akipapasa ukuta, na mgongo wake ulikuwa umeinama kuliko alivyoingia nao. Kapteni alinywea pale aliposimama. Fundi alivua miwani ya kazi, akajifuta vumbi, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu kuomba rejista.

Mtu mwingine angeona madoa mawili yanayofanana. Lakini yeye alikula kwa herufi. Karani wa zamani aliandika kwa herufi ndogo, mwandiko wa kulala, na unyevu ulikuwa umekula juu ya mstari tu. Chini ya mstari wa nane, baada ya "mpi", kulibaki kijimkia cha wino kilichopinda kama ndoano; yaliyofuata yote yalikuwa yamefutika. Ni g. Neno "mpishi" likishapita ile p halina herufi nyingine inayoshuka chini ya mstari. Akatazama mstari wa saba. Baada ya "mpi" chini palikuwa peupe.

Alimkuta Kapteni kwenye mzinga, peke yake.

"Herufi kubwa hazina mikia," Fundi alisema. "Ndiyo maana sikuona. Ulijua?"

"Mpenzi, sikiliza..."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu utoto."

Fundi akacheka kicheko kisicho na furaha. "Kumbe kweli wewe ni mjukuu wa mpishi. Unajua kutia chumvi. Ila chumvi yako umenipa mimi niichonge kwenye jiwe! Yule bibi amegusa kazi ya mikono yangu, si yako. Ameguswa na aibu kwa patasi yangu."

"Nilitaka kusema. Mdomo ulikauka."

"Mbele ya wanafunzi mia huwa haukauki. Niambie jambo moja. Yale maji, zile simu, lile neno ulilosema ukiwa na kalamu mkononi. Ulinipenda mimi, au ulimtafutia babu yako mchongaji?"

"Wewe! Walahi, wewe."

"Na mimi nitajuaje? Wewe ukiapa na ukidanganya sauti ni ile ile." Akampa mgongo.

Jumatano Kapteni alimpigia simu mara kumi na tisa. Haikupokelewa. Alituma ujumbe, ukasomwa, ukaachwa. Alasiri akampigia mama yake.

"Mama, Babu alikuwa nani ngomeni?"

"Kwa nini unaniuliza leo?"

"Jibu tu, Mama."

"Alikuwa mpishi. Aliogopa, akajificha chini ya meza. Milio iliponyamaza alitoka, akawakuta majeruhi wanatetemeka, akawasha moto akachemsha chai. Alinisimulia mwenyewe, na kila mara alikuwa anatazama sakafu."

"Ulisikia nikidanganya. Ulikuja hata ngomeni ukanisikiliza. Mbona ulinyamaza?"

"Siku ile umetoka shuleni ulikuwa unatembea kifua mbele, mwanangu. Sikuwa nimewahi kukuona hivyo. Nikasema nitakuambia kesho." Sauti yake ikakatika. "Nilimwonea aibu baba yangu. Sasa nazeeka na najionea aibu mimi. Usiniige."

Kapteni alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatwa. Aibu aliyokuwa akiikimbia tangu utoto, kumbe ndiyo aliyokuwa ameibeba siku zote, na sasa ilikuwa na uso wa bibi mwenye pochi nyeusi.

Ijumaa wageni walijaa uani. Viti vilipangwa, bamba limefunikwa shuka jekundu. Fundi alikaa pembeni kwa gauni la kijani lenye mikono mirefu, kitambaa kipya cha manjano, na mikono ameificha mapajani. Mstari wa mbele alikaa yule bibi. Mkuu alikuwa amempigia simu aje, bila kumwambia sababu.

Mkuu akasimama kwenye kipaza sauti. "Ndugu wageni, nina jambo la kusikitisha. Maneno mawili kwenye jiwe yamekosewa. Fundi mwenyewe amekuja kuniambia. Nilimuuliza kosa ni la nani, akanijibu kwamba mikono iliyochonga ni yake. Kwa hiyo shuka halitaondoka leo, na itabidi tutafute fundi mwingine."

Watu wakageuka kumtazama Fundi. Hakuinua macho. Angeweza kumtaja Kapteni. Lakini angelazimika pia kusema kwamba aliacha kuikagua rejista mwenyewe kwa sababu aliambiwa anapendwa, na hilo aliona haya kulisema kuliko kuitwa fundi mbovu. Kazi kubwa ya kwanza ya maisha yake ilikuwa inamponyoka, naye kakaa kimya.

Kapteni alipiga moyo konde. Alitembea mpaka kwenye kipaza sauti, akavua kofia, akawa hajui aiweke wapi, akaishika kwa mikono miwili.

"Mkono uliokosea ni huu," alisema. Sauti yake nzuri haikuwepo. Ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliyeamshwa. "Fundi alichonga nilichomwandikia. Babu yangu hakupiga mzinga. Alikuwa mpishi. Milio ilipoanza alijificha chini ya meza. Nilijua. Nimewadanganya wageni miaka kumi na moja. Nilimwibia mtu neno lake nikampa babu yangu, na Jumanne binti yake alisimama mbele yangu, nikamwambia rejista ndiyo inayosema. Rejista haikusema. Ni mimi." Akamgeukia bibi. "Bibi, baba yako ndiye aliyepiga mzinga. Wewe hukujisifu bure."

Turubai likasikika linapigwa na upepo. Mwanafunzi mmoja aliyemsikiliza Jumamosi nyingi alimtazama kwa jicho la mtu aliyedhulumiwa, na Kapteni aliliona jicho hilo, akalipokea.

Bibi aliinuka. "Sogea hapa nikuone." Kapteni akasogea. Bibi akamshika shavu, na kwa dakika nzima haikujulikana kama atalipiga au atalipapasa.

"Siku tatu sikutoka nje," alisema. "Nilikuwa nikisikia majirani wakicheka, nadhani wananicheka mimi. Hizo siku tatu huwezi kunirudishia."

"Siwezi, Bibi."

"Vizuri unajua." Akamwachia shavu, akamgeukia mkuu. "Na huyo mpishi msije mkamfuta. Baba yangu hakupiga mzinga na njaa. Aliyempikia abaki hapo hapo karibu yake, kwa kazi yake. Na huyu binti wa manjano ndiye atakayerekebisha. Vidole vyangu vinajua kazi safi."

Kapteni aliondolewa kwenye uongozaji miezi miwili, akawekwa kwenye kibanda cha tiketi. Hakulalamika. Jumatatu jioni, baada ya kufunga kibanda, alikwenda uani. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe, anasugua.

"Unafanyaje? Ulisema halina kifutio."

"Halina." Hakugeuka. "Nalikwangua neno zima mpaka lipotee, kisha nachonga upya humo humo chini. Patabaki bonde. Mawili, la saba na la nane. Hakuna atakayepita asiyaone."

"Milele?"

"Mpaka jiwe life."

Kapteni akachukua ufagio, akaanza kuzoa vumbi. Siku ya kwanza hawakuongea. Siku ya pili Fundi aliomba maji. Siku ya tatu aliuliza, akiwa bado anatazama jiwe, "Mbona uliongea? Nilikuwa nimekufunika."

"Nilikuona umeficha mikono. Mikono ile ndiyo niliyoipenda kwanza, kabla sijajua ina kazi gani. Nilipoona umeionea haya kwa ajili yangu, sikuweza kukaa."

Patasi ikasimama. "Hiyo umeitia chumvi?"

"Hata chembe."

"Sema kitu kingine kisicho na chumvi."

"Naogopa bahari. Boti ilinitapisha."

Fundi akacheka, na safari hii furaha ilikuwemo. "Hilo nalijua, mkata tiketi aliniambia siku ya kwanza. Lingine."

"Nataka kukuoa. Sina hadithi nzuri ya kukupa. Babu yangu alikuwa mpishi, mama yangu anataka kukuona, na mimi nakata tiketi."

Fundi alipitisha kidole kwenye bonde jipya. "Nitakubali," alisema mwishowe, "kwa sharti moja. Ukirudishiwa wageni wako, usilipite hili jiwe haraka haraka."

Sasa ni mwaka. Jumamosi Kapteni huwapeleka wageni kwenye mzinga, akawasimulia habari za mtu wa mstari wa nane, kisha akawaleta kwenye ukuta. Hana kofia tena. Kila mara kuna mtu, mara nyingi mtoto, anayepapasa majina, na vidole vyake vinadumbukia.

"Mbona hapa pamebonyea?"

Kila mara masikio ya Kapteni hupata moto upya. Hajawahi kuzoea. Wiki iliyopita aliwahesabu wageni kabla ya kujibu, maana alihisi kitu: ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili. Mwisho wa mstari alisimama mtu wa ishirini na tatu, kitambaa cha manjano kichwani, hana tiketi.

"Hapo," alisema Kapteni, "niliandika uongo juu ya babu yangu kwa kuwa nilimwonea aibu. Na yule pale nyuma, mke wangu, ndiye aliyeukwangua."

Fundi aliinamisha uso, kisha akauinua. Mtoto alikuwa bado ameweka kidole bondeni, anasoma kwa sauti, herufi moja moja, mpaka akafika mwisho wa neno mpishi.